Neno la Kutangulia Orodha: Historia Fupi ya Nukta Pacha katika Maandishi ya Kiswahili, kutoka Kasongo hadi Lubumbashi

0. UTANGULIZI

Mwanafunzi mmoja anaandika: «Mazao ya jimbo hili ni: mahindi, muhogo, karanga na maharage.» Mwenzake anaandika: «Mazao ya jimbo hili ni mahindi, muhogo, karanga na maharage.» Wa tatu anaandika: «Jimbo hili lina mazao mengi, kama vile: mahindi, muhogo, karanga, maharage, n.k.» Msahihishaji akishika kalamu yake, mara nyingi huitazama alama peke yake. Huuliza kama nukta pacha ipo au haipo, na kama inastahili kuwapo. Neno lililoitangulia hulipita bila kuliuliza lolote.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba msahihishaji huyo anaanzia mwisho. Katika historia ya maandishi ya Kiswahili, neno la kutangulia orodha lina umri mkubwa kuliko nukta pacha. Neno ndilo lililofanya kazi yote. Alama ilikuja baadaye, kwa njia ya matbaa, ya misheni na ya ofisi, kuthibitisha kazi iliyokwisha kufanywa. Historia hiyo inafuatwa hapa kwa hatua nne: asili ya alama yenyewe, desturi ya kuorodhesha kwa hati ya Kiarabu, orodha za wakati wa ukoloni nchini Kongo, na maandishi ya wafanyakazi wa Elisabethville. Baada ya hayo inaulizwa historia hiyo inamfunza nini mtu anayeandika au kutafsiri leo. Swali hilo si la shuleni tu. Katika nchi ambamo jina lisilokuwemo katika orodha ya mishahara halilipwi, namna ya kufungua na kufunga orodha ni jambo linalogusa maisha ya watu.

1. ASILI YA NUKTA PACHA

Majina ya alama hii katika Kiswahili ni zaidi ya moja. Wako wanaoiita nukta pacha, wako wanaoiita nukta mbili, na wako wanaotumia neno koloni. Nukta ni neno la asili ya Kiarabu. Koloni limepitia Kiingereza, nalo linatoka katika Kiyunani, ambamo kolon ilikuwa na maana ya kiungo cha mwili, kama mkono au mguu. Kwa msomaji wa Kongo jina hilo la tatu lina kasoro yake, kwa sababu koloni ni nchi iliyotawaliwa na wageni, na colon kwa Kifaransa ni mlowezi. Kwa sababu hiyo jina la nukta pacha ndilo linalotumika katika makala haya.

Aristophanes wa Byzantium, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya Aleksandria nchini Misri mwanzoni mwa karne ya 2 kabla ya Kristo, ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa utaratibu wa nukta tatu. Nukta iliwekwa juu, katikati au chini ya mstari, ili msomaji ajue atue kwa muda gani. Majina ya komma, kolon na periodos yalikuwa ya vipande vya maneno, wala hayakuwa ya alama. Alama zilirithi majina ya vipande hivyo baadaye. Msomaji wa zama hizo alisoma kwa sauti. Basi nukta ilikuwa msaada kwa pumzi yake, haikuwa tangazo la orodha.

Hata baada ya matbaa kuenea Ulaya, majina na kazi za vituo yalikuwa bado hayajatulia. Mwaka 1540 Étienne Dolet alitoa mjini Lyon kitabu kidogo juu ya namna ya kutafsiri vizuri, akaongeza humo mafundisho ya vituo vya Kifaransa. Katika mafundisho hayo nukta mbili zinaitwa comma, na nukta moja inaitwa colon, kinyume cha matumizi ya leo. Dolet aliuawa mjini Paris mwaka 1546. Mojawapo ya hoja zilizotumiwa dhidi yake ilikuwa maneno machache aliyoyaongeza katika tafsiri ya maandishi yaliyohesabiwa kuwa ya Plato, maneno yaliyoonekana kukana uhai wa roho baada ya kifo. Mambo hayo mawili, yakiwekwa pamoja, yana funzo. Jina la alama liliweza kugeuka bila mtu kudhurika. Neno lililoongezwa lilimgharimu mfasiri uhai wake.

Kazi ya nukta pacha kama mlango wa orodha ilikua polepole. Kwa muda mrefu ilitumiwa zaidi kutenga sehemu mbili kubwa za sentensi. Mfano unaojulikana ni zaburi za Kanisa la Uingereza, ambamo nukta pacha huonyesha mahali pa kutua katikati ya mstari wakati wa kuimba. Desturi ziliachana hata katika umbo. Kifaransa huacha nafasi kabla ya nukta pacha, Kiingereza cha leo hakiachi. Tofauti hiyo ndogo inaonekana pia katika Kiswahili kinachoandikwa sasa: aliyesomeshwa kwa Kifaransa huacha nafasi bila kufikiri, na aliyezoea vitabu vya Dar es Salaam na Nairobi haachi. Hakuna kati yao anayekosea. Kila mmoja anaonyesha tu shule aliyopitia, na kwamba alama hii iliingia katika lugha moja kwa milango miwili.

2. KUORODHESHA KWA HATI YA KIARABU

Kiswahili kilikuwa kikiandikwa zamani sana kabla ya milango hiyo kufunguliwa. Barua za Kiswahili za Kilwa za mwaka 1711, zilizohifadhiwa Goa nchini Uhindi, ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya lugha hii yanayojulikana. Ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Maandishi ya namna hiyo hayakuwa na vituo vya Kizungu. Katika miswada ya mashairi, waandishi waliweka alama ndogo kutenga vipande, lakini barua na hati za biashara ziliendelea mstari baada ya mstari bila nukta pacha. Kiarabu chenyewe kilipokea utaratibu wa vituo vya kisasa baadaye. Kitabu cha Ahmad Zaki kilichotolewa Cairo mwaka 1912 ni hatua kubwa katika historia hiyo.

Mtu anaweza kudhani kwamba maandishi yasiyo na vituo hayawezi kuorodhesha kwa uwazi. Dhana hiyo si sahihi. Kiswahili kina njia zake za kuorodhesha zisizohitaji alama yoyote, nazo bado zinasikika katika mazungumzo ya kila siku.

Njia ya kwanza ni kurudia kiunganishi. Mtu husema «alipewa nguo na shanga na shaba na baruti», na kila na inahesabu kitu kimoja. Kiarabu hufanya vivyo hivyo kwa wa. Desturi ya kuweka mkato baina ya vitu na kuacha na moja tu kabla ya kitu cha mwisho imeshika nguvu kwa kufuata lugha za Ulaya. Mjini Lubumbashi msemaji anaweza kurudia hata kitenzi: «kuko mihogo, kuko samaki, kuko sombe». Marudio hayo si udhaifu wa lugha. Kila kitu kinapewa mahali pake, wala hakuna kinachoweza kuingizwa kwa siri.

Njia ya pili ni neno la kutangaza. Barua za zamani zilipitia salamu ndefu, kisha zikaingia katika jambo lenyewe kwa maneno ama baadu. Msomaji akiyasikia alijua kwamba salamu zimekwisha na habari inaanza. Maneno hayo mawili yalifanya kazi ambayo leo hufanywa na aya mpya. Vivyo hivyo yaani humwambia msikilizaji kwamba kinachofuata ni maelezo ya kilichotangulia, na nayo ni humtayarisha kusikia majina. Njia ya tatu ni neno la kufunga, kama jumla yake, au basi, au ndio hao tu. Orodha inayofungwa kwa jumla haiongezwi kitu bila hesabu kuharibika.

Hati hii haikubaki pwani. Wafanyabiashara waliokaa Kasongo, Nyangwe na sehemu nyingine za mashariki ya Kongo katika karne ya 19 waliitumia katika shughuli zao. Baadhi ya karatasi zao zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Tervuren nchini Ubelgiji, na Xavier Luffin alizichunguza katika makala aliyoitoa mwaka 2007. Mashuhuri kuliko wote, Hamed bin Muhammed, anayejulikana kwa jina la Tippu Tip, aliyefanywa liwali wa Stanley Falls mwaka 1887 kwa niaba ya Mfalme Leopold II, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode aliyageuza maandishi hayo kuwa ya herufi za Kilatini, yakachapishwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo msomaji wa leo anayeyasoma yakiwa yamechapwa hana budi kukumbuka kwamba vituo anavyoviona vilitiwa na mikono mingine. Inafaa pia kutazama jina la toleo la Whiteley, ambamo neno yaani limewekwa kati ya jina la mtu na jina lake la sifa. Mchapaji wa Ulaya angeweza kuweka hapo mkato au nukta pacha. Kiswahili kilikuwa na neno tayari.

Jambo moja la huzuni halipaswi kuachwa. Sheria na biashara ya zama hizo ziliwahesabu watumwa kuwa mali. Orodha inayotanguliwa na neno mali iliweza kukusanya pembe, nguo, bunduki na wanadamu chini ya jina moja. Hapo hapakuwa na kosa la kituo wala la tahajia. Dhuluma ilikuwa ndani ya neno la kutangulia.

3. HERUFI ZA KILATINI NA ORODHA ZA UKOLONI

Herufi za Kilatini ziliingia kwa kazi ya wamisionari. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alichapisha muhtasari wa sarufi mwaka 1850. Edward Steere alitoa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Upande wa Kongo, Wamisionari wa Afrika walipokea kituo cha Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Tangu mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilisimamia usanifishaji kwa msingi wa Kiunguja katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza. Kongo ya Ubelgiji haikuwa chini ya kamati hiyo. Hivyo Kiswahili cha Kongo kilipokea vituo vyake kutoka kwa watu waliosoma kwa Kifaransa, wakati jirani zake walipokea vyao kutoka kwa watu waliosoma kwa Kiingereza.

Pamoja na herufi ilikuja aina mpya ya maandishi, nayo ni orodha ya maneno. Maofisa waliotumwa Kongo walipewa vitabu vidogo vya msamiati. Kimojawapo, cha Charles Lemaire, kilitolewa Brussels katika miaka ya 1890. Kiliweka Kifaransa na Kiingereza kando ya lugha kadhaa za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo kwa jina la «zanzibarite». Katika vitabu vya namna hiyo maneno yamepangwa safu kwa safu. Hakuna na, hakuna yaani, hakuna nayo ni. Neno moja la mgeni linakabili neno moja la mwenyeji, na nafasi tupu iliyo kati yao inafanya kazi ya nukta pacha.

Johannes Fabian, aliyefundisha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi misamiati hiyo ilivyokuwa chombo cha kutoa amri. Jambo hilo linaonekana pia katika umbo la orodha. Mwenye safu mbili mkononi anaweza kusema «maji», «mzigo», «njoo», «haraka», naye akatiiwa. Hawezi kuuliza, kuomba radhi wala kueleza sababu, kwa sababu maneno yanayofunga wazo moja na jingine hayamo katika safu zake. Orodha iliyotengwa na sentensi ilitosha kwa kazi ya bwana. Haikutosha kwa mazungumzo ya watu wawili.

4. «VOCABULAIRE» YA ANDRÉ YAV

Mji wa Elisabethville ulianzishwa mwaka 1910, ukaitwa Lubumbashi tangu mwaka 1966. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huo kwa Kiswahili kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa wametumika zamani katika nyumba za Wazungu. Ilipigwa taipu na kuzungushwa katika nakala chache. Mwaka 1990 Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango, aliichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza na maelezo. Jina alilolichagua Yav ni «Vocabulaire» ya mji wa Elisabethville.

Jina hilo linastahili kuangaliwa. Kwa mabwana, vocabulaire ilikuwa orodha ya maneno ya kumwamrisha mtumishi. Watumishi walilichukua neno lile lile, wakaliweka juu ya kazi ambayo si orodha ya maneno hata kidogo. Ndani yake mna habari za wafalme, za kampuni ya madini ya Union Minière, za kazi na taabu, pamoja na majina ya mabwana na majina ya utani waliyopewa na wafanyakazi wao. Katika misamiati ya kikoloni mtumishi alikuwa neno moja katika safu. Katika maandishi haya yeye ndiye anayeorodhesha.

Maandishi ya Yav hayafuati kanuni za shuleni za kutenga maneno wala za vituo. Neno moja limeweza kuandikwa kwa vipande viwili, na maneno mawili kuunganishwa kuwa moja. Mtu aliyezoea vitabu akiyatazama kwa macho tu hukwama mara kwa mara. Kwa hiyo Fabian na Kalundi Mango walichagua njia ya sauti: Kalundi aliyasoma kwa sauti mbele ya kinasa sauti, kisha yakaandikwa upya kwa kufuata usomaji huo. Sauti ya msomaji anayeijua lugha ya mji ilipata mahali pa kutua, mahali pa kuendelea, na mahali ambapo orodha inaanza na kwisha.

Njia hiyo inathibitisha jambo lililosemwa juu ya barua za hati ya Kiarabu. Taarifa ya orodha ilikuwa ndani ya maneno na ndani ya mdundo wa usemi. Laiti ingekuwa ndani ya alama peke yake, Kalundi Mango asingaliweza kuitoa mahali ambapo alama hazikuwekwa kwa kanuni. Wala haifai kusema kwamba maandishi ya Yav ni mabaya kwa kuwa vituo vyake si vya shule. Yanaeleweka, mradi yasomwe na mtu anayesikiliza.

5. NENO NA ALAMA KATIKA UANDISHI WA LEO

Hata hivyo, hati za leo hazisomwi kwa sauti na mtu anayemjua mwandishi. Husomwa na karani asiyemjua, mbali na mahali zilipoandikwa, pengine baada ya miaka mingi. Kwa hiyo mwandishi wa leo anahitaji neno na alama pia, lakini kwa utaratibu unaofaa. Historia iliyoelezwa hapo juu inaleta maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kuandika orodha.

Swali la kwanza ni kama orodha imefungwa au imeachwa wazi. Maneno yaani, nayo ni, na vifuatavyo hufunga. Maneno kama vile, miongoni mwa, na wakiwemo huacha mlango wazi. Sentensi mbili zinatosha kuonyesha uzito wa tofauti hiyo: «Kodi hii hulipwa na wafanyabiashara wa soko, yaani wauza samaki na washoni»; «Kodi hii hulipwa na wafanyabiashara wa soko, wakiwemo wauza samaki na washoni». Kwa sentensi ya kwanza, muuza mkaa halipi kitu. Kwa sentensi ya pili analipa. Hakuna nukta pacha inayoweza kumwokoa au kumtia hatiani. Neno moja limekwisha kuamua. Kutokana na hayo inaonekana pia kwamba n.k. haina kazi baada ya kama vile, kwa sababu mlango uko wazi tayari, na kwamba ikiwekwa baada ya yaani inapingana nayo.

Swali la pili ni la aina ya vitu vilivyomo. Hapa Kiswahili kina ulazima ambao Kifaransa hakina. Kifaransa husema ci-après mbele ya watu, wanyama na vyombo bila kubadilika. Kiswahili kinadai upatanisho: watu wafuatao, vyombo vifuatavyo, mashtaka yafuatayo. Mwandishi hawezi kutangaza orodha yake kabla hajasema iliyomo ni ngeli gani. Orodha ya mchanganyiko humtia taabuni: «Katika ajali hiyo walipotea wafuatao: dereva, abiria wawili na magunia kumi ya unga.» Msikilizaji yeyote anashtuka, kwa sababu magunia yamepewa heshima ya watu. Akibadilisha na kusema «mali ifuatayo», dereva amegeuzwa kuwa mali, na makosa ya daftari za zamani yamerudi. Dawa yake ni kuandika orodha mbili. Hapa sarufi yenyewe inamkumbusha mwandishi tofauti ya mtu na kitu.

Swali la tatu ni kama sentensi imekamilika kabla ya orodha kuanza. Hili ndilo swali la nukta pacha, na linafaa kuwa la mwisho. Katika «Shule ina mahitaji matatu: madawati, chaki na vitabu», maneno ya kwanza yanajitosheleza, na nukta pacha inafungua maelezo yake. Katika «Mahitaji ya shule ni madawati, chaki na vitabu», ni inangoja kijazo chake. Nukta pacha ikiwekwa hapo inawatenga walioshikana. Walioizoea wameipata kwa desturi ya Kifaransa cha ofisini, ambacho huandika sont na kuweka nukta mbili mara moja, hasa vitu vinapopangwa kimoja chini ya kingine. Katika orodha iliyopangwa kwa mistari, desturi hiyo inaweza kuvumiliwa, kwa sababu jicho linahitaji alama ya kushuka. Katika sentensi inayoendelea haina faida. Baada ya kama vile na yaani pia haifai, kwa kuwa maneno hayo ndiyo nukta pacha za asili za Kiswahili.

6. ORODHA ZA KATIBA

Umuhimu wa maswali hayo unaonekana katika sheria kuu ya nchi. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, imefanya Kifaransa kuwa lugha rasmi katika kifungu chake cha 1. Kisha inazitaja lugha za taifa kwa mpangilio wa alfabeti: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Serikali inapewa wajibu wa kuziendeleza lugha hizo nne bila ubaguzi. Lugha nyingine za nchi zinahesabiwa kuwa sehemu ya urithi wa utamaduni, na wajibu wa serikali kwazo ni kuzilinda. Orodha hiyo imefungwa. Aliyezaliwa katika Kisanga, Mashi au Kinande anajua kwamba lugha yake iko nje yake, na kwamba kuendelezwa na kulindwa si ahadi moja. Mfasiri ambaye, kwa kupenda mtiririko mzuri, angeandika «lugha za taifa kama vile» angekuwa ameigeuza Katiba bila ruhusa ya mtu yeyote.

Kifungu cha 142 kinaiagiza serikali kuzieneza sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, katika siku sitini tangu kutangazwa kwake. Basi kazi ya kutafsiri orodha za kisheria ni wajibu uliowekwa na Katiba yenyewe, nayo inawahusu moja kwa moja wanaosoma na kufundisha Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kongo. Ugumu mkubwa katika kazi hiyo unatokana na neno notamment, ambalo sheria za Kifaransa hulipenda sana. Wengi hulitafsiri kwa hasa. Lakini hasa hukazia waliotajwa na kuwasogeza nyuma wasiotajwa, wakati notamment inawaweka wote sawa na kutaja baadhi tu kwa mfano. Maneno yakiwemo na miongoni mwa hayo yanakaribia zaidi maana yake. A savoir ni yaani au nayo ni. Tels que ni kama vile. Mfasiri akiyachanganya maneno hayo, anabadilisha idadi ya watu ambao sheria inawahusu.

Kifungu cha 18 kinagusa zaidi. Kinaagiza kwamba mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu za kukamatwa kwake na mashtaka yote yanayomkabili, kwa lugha anayoielewa. Mjini Goma, Bukavu, Kalemie au Lubumbashi, lugha hiyo kwa wengi ni Kiswahili. Akiambiwa «unashtakiwa kwa makosa mawili yafuatayo: wizi na kutoroka», anajua anachopaswa kujibu, na orodha imefungwa kwa hesabu. Akiambiwa «unashtakiwa kwa makosa kama vile wizi», hajaambiwa kitu. Kesho anaweza kuongezewa la tatu na la nne. Haki aliyopewa na Katiba imepotea katika maneno mawili, hata kama vituo vyote vimewekwa kwa usahihi.

7. HITIMISHO

Imeonekana kwamba nukta pacha ilizaliwa kuwa mahali pa kupumua, ikapewa majina yaliyogeuka-geuka, ikaja kuwa mlango wa orodha, kisha ikaingia katika Kiswahili kwa njia mbili. Imeonekana pia kwamba Kiswahili hakikuingoja. Waandishi wa hati ya Kiarabu waliorodhesha kwa na, kwa yaani na kwa jumla. Wafanyakazi wa Elisabethville waliorodhesha kwa mdundo wa usemi wao, na baada ya miaka ishirini na mitano orodha zao zilisikika waziwazi katika sauti ya Kalundi Mango.

Kutokana na hayo, ufundishaji wa uandishi unapaswa kubadilisha mpangilio wake. Mwanafunzi afundishwe kwanza maneno ya kutangulia orodha, yale yanayofunga na yale yanayoacha wazi, pamoja na upatanisho wake. Alama ifuate. Kuhusu wanafunzi watatu waliotajwa mwanzoni, wa pili ameandika vizuri. Wa kwanza ana nukta pacha moja ya ziada, na kosa lake ni dogo. Wa tatu ana kosa dogo kama hilo, na n.k. iliyorudia kazi ya kama vile. Lakini swali kubwa la kuwauliza wote watatu ni kama jimbo hilo lina mazao hayo manne tu, au lina mengine ambayo hawakuyataja. Siku watakapoandika orodha ya watu badala ya orodha ya mazao, jibu la swali hilo litakuwa na mwenyewe anayelingoja.